Kofia ya Kuvaa, Kofia ya Kuweka

Mjuzi wa kofia za viua, zile kofia nyeupe za pwani zilizodariziwa, haanzi na uso wa kofia. Huigeuza ndani nje. Usoni kofia nyingi hupendeza: maua yamejipanga, matundu yamelingana, dondo limekikaza kitambaa mpaka kofia inasimama yenyewe. Ndani ndiko kunakosema kweli. Kazi njema ya mkono haina nyuzi zinazoruka ovyo kutoka tundu hadi tundu, wala mafundo ya kumkwaruza mtu kipajini. Ndani yake inakaribia kuwa nadhifu kama nje. Kazi ya mashine hujulikana hapo hapo.

Mkusanyaji wa kofia za kale za Ulaya na Marekani naye huigeuza kofia, ila anatafuta kitu kingine. Akishika pama ya felti ya miaka ya 1940, huukunjua ule mkanda wa ngozi ulioshonewa ndani, na chini yake hutafuta kikaratasi cha saizi. Kwa kofia za Marekani hutafuta pia lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kofia. Muundo wa lebo hiyo ulikuwa ukibadilika miaka ikienda, kwa hiyo anayeijua anaweza kukadiria umri wa kofia bila kumuuliza mtu. Halafu anasoma bitana ya hariri: jina la kiwanda, jina la mji, pengine hata herufi za jina la mwenyewe wa kwanza, zimepigwa chapa ya dhahabu juu ya ngozi.

Mmoja anauliza imeshonwaje. Wa pili anauliza imeshonwa lini, kiwanda gani, ikavaliwa na nani. Tofauti hii imenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu naona inaeleza kwa nini kuna mahali mavazi ya kiume ya zamani huwekwa ndani ya boksi, na kuna mahali huvaliwa mpaka yaishe. Dai langu ni hili: huweka mtu ambaye hakuwahi kuambiwa kuwa vazi hilo si lake. Aliyenyimwa huvaa.

Tuanze Ulaya, maana huko ukusanyaji umekuwa fani yenye wataalamu wake, minada yake na bei zake. Duka la Lock & Co. la London lilianzishwa mwaka 1676 na mpaka leo linauza kofia katika mtaa wa St James's. Mwaka 1849 lilipokea oda ya kofia fupi ngumu kwa ajili ya walinzi wa mashamba ya uwindaji, watu waliokuwa wakipoteza kofia zao ndefu kila zinapokwaruzwa na matawi ya miti. Mafundi Thomas na William Bowler waliitengeneza, na jina lao likabaki juu ya kofia. Baadaye kofia hiyo ya walinzi wa porini ilihamia vichwani mwa makarani wa benki za London, ikawa alama yao. Huko Alessandria, Italia ya kaskazini, Giuseppe Borsalino alifungua karakana yake mwaka 1857. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda chake kilikuwa kikitoa kofia zinazofikia milioni 2 kwa mwaka.

Felti si kitambaa cha kufumwa. Ni manyoya laini ya sungura au ya biva, yaliyolowekwa, yakapigwa kwa maji ya moto na mvuke mpaka yakashikana na kusinyaa kuwa kitu kimoja kisicho na uzi wala mshono. Manyoya ya sungura ni mabishi kushikana, na kwa karne mbili hivi mafundi waliyapaka dawa ya zebaki ili yakubali. Zebaki ile iliingia mapafuni mwao. Katika mji wa Danbury, Connecticut, uliokuwa mji wa kofia, wafanyakazi walitetemeka mikono na kupotewa na utulivu wa akili, na ugonjwa huo ukapewa jina la mji wao. Marekani iliachana na zebaki katika kofia mwaka 1941 tu. Makumbusho kadhaa yalipozipima kofia zao za karne ya 19 yalikuta zebaki bado imo. Anayeikusanya kofia kama hiyo anapaswa kuikumbuka afya iliyolipia uzuri ule, na wakusanyaji wenye adabu ya kazi yao hulisema jambo hilo waziwazi.

Uingereza nayo iliwahi kutunga sheria ya kofia. Mwaka 1571 Bunge liliamuru wanaume wa tabaka la chini wavae kofia ya sufu ya Kiingereza kila Jumapili na sikukuu, ili wafumaji wa kofia wasikose kazi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1597. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha upande ambao sheria ilisukuma. Mtu wa chini alitozwa faini kwa kutovaa. Baadaye kofia zilitenganisha matabaka kweli, kofia ya kitambaa ya mfanyakazi huku na kofia ndefu ya bwana kule, lakini kila kichwa kilikuwa na kofia yake. Hakuna kichwa kilichoambiwa kibaki wazi.

Kisha kofia zikaondoka zenyewe. Wengi husimulia kwamba Rais John Kennedy wa Marekani ndiye aliyeziua kwa kuapishwa kichwa wazi. Picha za tarehe 20 Januari 1961 zinakataa: alikwenda na kofia ndefu ya hariri, akaivua wakati wa kiapo na hotuba. Magari yenye paa la chini, nyumba na maofisi yenye joto, na vijana waliochoshwa na kofia za jeshini vilikuwa vimeshaifanya kazi hiyo kabla yake. Vazi likatoka vichwani taratibu, bila ugomvi, na kwa kuwa halikuwa na ugomvi liliweza kuingia boksini. Borsalino yenyewe ilitangazwa muflisi Desemba 2017, ingawa jina lilinunuliwa na kofia bado zinatengenezwa.

Kofia hizi zinapozeeka hutoboka mahali pamoja: mbele juu, kwenye mkunjo, pale vidole vinaposhika. Hapo ndipo mkusanyaji anapotazama kabla ya kulipa, na hapo unaonekana ustaarabu mzima. Kofia ya Ulaya ilitengenezwa ivuliwe. Heshima ilikuwa kuivua, mbele ya mwanamke, kanisani, mezani, mazishini. Miaka ishirini ya kuwasalimia watu huiacha felti imekwisha pale vidole vilipobana.

Kofia ya viua haitoboki hapo, maana haivuliwi kwa heshima. Heshima ya pwani ni kichwa kilichofunikwa. Mzee anaingia msikitini nayo, anakula nayo, anapokea wageni nayo, na akisikia mgeni wa maana yuko mlangoni jambo la kwanza ni kuinyooshea mkono kofia. Inapochakaa huchakaa ukingoni, pale jasho la kipaji linapoula uzi mwaka baada ya mwaka. Na huchakaa mapema kuliko pama ya felti, kwa sababu inafuliwa. Ndiyo sheria yake kubwa: kofia ya viua lazima iwe nyeupe. Hufuliwa, ikatiwa dondo, ikavikwa kalibu ili ikauke imesimama. Kila dobi mwema wa mji anajua kwamba akikosea dondo kofia italegea au itapasuka.

Kuitengeneza ni kazi ya subira ambayo pama haina. Kitambaa cheupe cha pamba hukatwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mchoraji huchora ua kwa penseli, na mara nyingi mchoraji si mshonaji. Halafu sindano huingia kazini: matundu madogo madogo yanafunguliwa na kuzungushiwa uzi ukingoni, moja moja, na nafasi zilizo kati zinajazwa kwa mishono hadi kitambaa kinakuwa kigumu kama kimepigwa plasta. Kofia nzuri hula wiki kadhaa, na ile ya kazi nzito huchukua miezi. Unguja kazi hii imekaa mikononi mwa wanawake majumbani, wakishona baada ya mapishi na kabla ya kulala, huku Lamu wanaume nao wanajulikana kwa kudarizi.

Sasa turudi kwenye lile la kunyimwa. Kabla utumwa haujafutwa Unguja, mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Kichwa wazi na miguu mitupu vilikuwa hati yake ya utambulisho, mtu yeyote aliweza kuisoma kutoka mbali. Amri ya kufuta utumwa ilitolewa Aprili 1897. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics, ameonyesha jinsi watu waliokuwa watumwa na watoto wao walivyoanza kuvaa kanzu na kofia katika miaka iliyofuata, na wanawake wakaingia kwenye kanga na buibui. Mwanamume aliyeweka kofia kichwani mwaka 1900 alikuwa akitangaza hadhi yake barabarani, kila siku, mbele ya watu waliomjua kabla.

Mtu huyo hawezi kuiweka kofia kabatini. Ifanye kazi gani huko? Uzima wake ni kuonekana, nyeupe, imenyooka, leo. Ndiyo maana naamini hatuna akiba kubwa ya kofia za viua za zamani. Zilipendwa sana, na kupendwa kwake kulikuwa kuvaliwa Ijumaa kwa Ijumaa hadi uzi uliposalimu amri. Kilichohifadhiwa ni ua: mchoro uliotoka kwa mkono wa bibi ukaingia kwa mkono wa mjukuu, kofia mia zikafa katikati na ua likabaki.

Kuna wanaosema kwamba watu wa pwani hawana utamaduni wa kuhifadhi. Hilo silikubali hata kidogo. Wana hifadhi iliyo hai, nayo imesafiri. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia Muscat na miji ya jirani. Kofia iliyodariziwa kwa matundu, ambayo huko huitwa kumma, leo iko kichwani mwa karibu kila mwanamume wa Oman kuanzia mtoto wa shule. Kwenye shughuli rasmi na ofisini hukaa kilemba, massar, na mara nyingi kumma iko chini yake ikikishikilia.

Kilemba hicho kinanipeleka kwenye skafu, maana hapa mila zote nilizozitaja zinakutana katika kipande kimoja cha nguo. Massar ya thamani ni ya sufu ya Kashmir, ile laini inayochanwa kutoka kwa mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh. Sultan Barghash wa Zanzibar alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha akiwa na kilemba kikubwa na joho, na Waingereza walimwona kama mtu aliyetoka dunia nyingine. Lakini nusu karne na zaidi kabla ya hapo wake zao walikuwa wakijitanda shali za Kashmir, na mji wa Paisley, Scotland, ulikuwa umejitajirisha kwa kuziiga kwa mitambo ya kufuma. Biashara hiyo ilikufa miaka ya 1870, mitindo ya magauni ilipobadilika. Mchoro haukufa. Ukaingia kwenye hariri ya kiume: tai, leso za mfukoni, skafu za shingoni zenye shada.

Kampuni ya Tootal ya Manchester ilitengeneza skafu kama hizo kwa wingi. Miaka ya 1960 vijana wa Kiingereza waliojiita mods walizifunga chini ya makoti yao, na leo wakusanyaji huzitafuta kwa jina. Ukiichunguza skafu ya aina hiyo utauona mchoro ambao mwanamke wa Mombasa au Tanga anaujua tangu utotoni kwa jina la korosho, maana uko kwenye kanga za mama yake. Massar ya Muscat inao. Kanga inao. Shingo ya kijana wa Manchester iliubeba. Mkusanyaji wa Kiingereza ataandika kwenye daftari lake kwamba skafu ni ya mwaka fulani na kampuni fulani. Mvaaji wa Muscat atakuambia kilemba chake kinafungwaje, na kwamba baba yake alikifunga hivi na ami yake vile. Ufungaji wenyewe ndio urithi, na hakuna boksi linaloweza kuutunza.

Kwa hiyo nyimeni watu vazi, watalivaa. Wenye kulithibitisha hili kwa nguvu zaidi kuliko hata Wazanzibari ni Wakongo. Brazzaville, katika mtaa wa Bacongo, wapo wale wanaoitwa sapeurs, wanaume waliofanya suti, viatu, kofia na fimbo kuwa njia ya kuishi. Wengi wao humtaja André Matsoua kama babu yao, mwanasiasa aliyeanzisha chama cha kusaidiana huko Paris mwaka 1926 na kufia gerezani mikononi mwa wakoloni mwaka 1942. Wao wana kanuni: rangi zisizidi tatu. Ng'ambo ya mto, Kinshasa, kanuni ni pana zaidi na rangi zinapiga kelele, na huko aliyeeneza mwenendo huo kwa muziki ni Papa Wemba.

Kinshasa kunyimwa kulikuja mara mbili. Kwanza mkoloni, aliyeamua ni Mwafrika yupi amestahili suti. Halafu Rais Mobutu, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa yake ya uhalisi, alipiga marufuku suti na tai za Kizungu na kuwavika wanaume abacost, koti lisilo na tai. Marufuku hiyo ilidumu mpaka Aprili 1990. Vijana waliofunga tai katika miaka hiyo hawakuwa wakiiga Paris tu. Walikuwa wakimwambia rais kwamba shingo ni zao. Viatu vya J.M. Weston vilivyonunuliwa kwa mshahara wa miezi kadhaa havikuwekwa kabatini. Vilitembezwa kwenye vumbi la mtaa, vikaazimwa na rafiki, vikatembezwa tena. Kila Februari sapeurs wa Kinshasa hukutana makaburini Gombe, kwenye kaburi la mmoja wa wakubwa wao, wamevaa vyote walivyo navyo.

Uturuki inanilazimisha kulinoa dai langu. Mwaka 1925 rais wake, Atatürk, alikwenda Kastamonu na pama ya majani kichwani, na Novemba mwaka huo ikatoka sheria ya kuondoa tarbushi na kuweka kofia ya Kizungu. Palikuwa na maandamano, na watu walinyongwa. Hapo kunyimwa kulikuwa kukali kuliko Kinshasa, na bado tarbushi haikurudi vichwani. Ilikwenda makumbushoni na kwenye maduka ya watalii. Kwa nini? Naona jibu ni kwamba iliondolewa kwa wote, hata kwa wakubwa. Hakubaki kichwa kilichovaa ambacho kingine kingekitazama na kusema, mimi je? Mtumwa wa Unguja alikuwa akiiona kofia juu ya kichwa cha bwana kila asubuhi. Kijana wa Kinshasa alikuwa akiiona suti ng'ambo ya mto, na katika picha kutoka Paris. Kinachomfanya mtu avae kwa moyo ni kuliona vazi juu ya mwenziwe huku yeye akikatazwa.

Na huku kwetu kuna mlango mwingine ambao kofia za Ulaya zinaingilia, mlango wa mtumba. Belo likifunguliwa katika masoko ya Karume au Gikomba, ndani ya lundo la makoti hutoka mara moja moja pama nzito ya felti, tai ya hariri iliyoshonwa kwa mkono, skafu yenye mchoro wa korosho. Muuzaji anaipuliza vumbi, anaikung'uta kwenye paja: "Mzee wangu, jaribu hii, dukani huikuti." Mzee anaijaribu, anaomba apunguziwe, analipa, anaondoka nayo kichwani. Jumapili itakwenda kanisani, Jumamosi harusini. Lebo iliyo chini ya ngozi hataisoma wala haimhusu. Mkusanyaji wa Chicago angehuzunika kuiona kofia ile ikinyeshewa. Mimi nadhani imepata bahati, maana imerudi kwenye kazi iliyotengenezewa.

Ila siwezi kuusifu upande mmoja tu, maana kuvaa kuna hasara yake, na hasara hiyo inatukuta sasa. Kofia za mashine zimejaa madukani, bei yake ni sehemu ndogo ya kofia ya mkono, na kwa macho ya haraka zinafanana. Hifadhi iliyo hai inategemea mikono. Mkono ukiacha kushona kizazi kimoja tu, ua halina pa kukaa, kwa kuwa kofia zilizolibeba zimekwisha kufuliwa na kuisha. Borsalino ikifilisika zinabaki kofia elfu nyingi zenye jina lake ndani, na fundi wa kesho anaweza kuzifumua na kujifunza. Mshonaji wa Ng'ambo, Unguja, akifariki hakibaki kitu chenye jina lake, maana hajawahi kuandika jina. Bowler wawili wa London wanatajwa duniani kote. Wanawake waliopoteza macho yao juu ya kofia za viua hawatajwi hata na waliozivaa.

Hapa wakusanyaji wa Ulaya wana la kutufundisha, nalo ni dogo la kutenda. Anayeagiza kofia ya mkono leo, Unguja, Lamu, Mombasa au Muscat, amuulize mshonaji jina lake, jina la aliyechora na jina la ua, na aombe vishonwe ndani ya ukingo pamoja na mwaka, kwa uzi ule ule mweupe. Akiweza, aagize mbili: moja aivae mpaka iishe, ya pili asiifue wala asiitie dondo, aifunge kwenye kitambaa cha pamba na kuiweka mbali na unyevu. Makumbusho ya Zanzibar na ya Lamu yangeweza kuanza na michoro ya penseli yenyewe kabla haijashonewa, maana hiyo haihitaji hata kofia. Wachoraji wazee wapo bado, na wengi wao wanazo karatasi zao majumbani.